Kindi Mdogo Kati ya Majitu

Katika mchezo wa Pokémon kila mshindani huandaa kikosi cha viumbe sita wa kubuniwa. Katika mashindano makubwa huchagua wanne kati yao, na wawili wawili huingia uwanjani. Vijana wengi hudhani kwamba yatosha kukusanya sita wenye nguvu kupita wote. Sisi hatukubali, na shahidi tunaye.

Mwaka 2014, mjini Washington, Marekani, Sejun Park wa Korea Kusini alishindania ubingwa wa dunia. Kikosini alikuwa na Gyarados, nyoka mkubwa wa majini, mwenye kutisha kweli. Lakini kabla hajageuka umbo, pigo la umeme humwumiza mara nne. Basi Park akamtia Pachirisu, kindi mdogo ambaye washindani wengine hawakumjali hata kidogo. Kindi huyo ana ufundi wa kujivutia mapigo ya adui. Na umeme ukimpata haumdhuru, bali humrudishia uzima. Naye Gyarados, pigo likiisha kupita pembeni, hushambulia kwa raha.

Je, mdogo namna hii huvumiliaje? Kwa malezi. Katika mchezo wa wakati ule kila kiumbe aliweza kupewa alama 510 za mazoezi, zisizozidi 252 kwa sifa moja. Wengine walipenda kuzimaliza katika mbio na mashambulio (vijana ni vijana!), Park alimlea kindi wake kwa kustahimili. Hydreigon, joka la vichwa vitatu, alimwangushia vimondo, na watazamaji wakapaza sauti: kindi alikuwa angali amesimama. Park akatwaa ubingwa.