Mtungi Uliolazwa Ubavu

Msomaji wetu mmoja wa Tanga ametuandikia kwamba, baada ya kulala kitandani siku kadhaa kwa malaria, na dawa akaimaliza na homa ikamwacha, alizirudia mbio zake za alfajiri, na kabla hajakimaliza kipande cha njia alichokuwa akikikimbia zamani huku akizungumza, moyo ulimpapa hata akalazimika kusimama. Naye auliza kama miguu yake imekwisha nguvu. Mintarafu ya viatu na kunyoosha viungo, hayo nawaachia walimu wa mchezo, kwa kuwa katika suala hili yako mambo mengi lakini lenye kunishughulisha ni moja: aghalabu miguu haina hatia, na kilichopungua ni maji ya damu.

Mwaka 1966, mjini Dallas, Marekani, wataalamu ambao miongoni mwao alikuwamo Bengt Saltin wa Sweden, aliyekuja baadaye kuwapima wakimbiaji wa Kenya, waliwalaza vijana 5 wenye siha, wa umri wa takriban miaka 20, muda wa wiki 3 pasipo ruhusa ya kusimama. Walipoinuka, upeo wao wa kutumia oksijeni ulikuwa umeshuka kwa zaidi ya robo. Walakini misuli yao iliendelea kuitwaa oksijeni katika damu kwa kadiri ile ile, na moyo uliweza kufikia kasi ile ile ya mwisho. Ila kila pigo lilisukuma damu kidogo kuliko awali.

Tuufikiri mtungi uliojaa maji, na kata ya kifuu juu yake. Ukilazwa ubavu, maji hukimbilia mdomoni, hata mwenye kuutazama huko akadhani umefurika, nayo hayakawii kumwagika. Ukisimamishwa tena, maji yako chini, na kata ikitumbukizwa hutoka nusu, basi mchotaji, ili awatosheleze watu wale wale kwa muda ule ule, hana budi kuharakisha mkono. Ndivyo ilivyo kwa mgonjwa. Alalapo, damu iliyozoea kuvutwa miguuni hurudi kifuani, vyumba vya moyo hutanuka kupita desturi, na neva zilizomo humo, pamoja na homoni itolewayo na moyo wenyewe, huzipasha figo habari kwamba maji yamezidi. Nazo figo, kwa utiifu wake, huyatoa kwa mkojo pamoja na chumvi, hata katika siku chache plazima, yaani maji ya manjano ambamo chembe za damu huelea, ikapungua kwa kadiri ya sehemu moja katika kumi, mbali na yaliyokwenda kwa jasho la homa. Na msuli wa moyo una tabia hii, kwamba kadiri ujazwavyo ndivyo ukamuavyo kwa nguvu. Usipojaa hutoa haba, na haba hiyo huifidia kwa wingi wa mapigo. Kata haijatoboka, ingawa kwa mwenye kulala wiki nyingi kata yenyewe nayo hupungua ukubwa.

Mtungi huu haujazwi kwa kunywa maji peke yake, kwani figo zitayatoa tena. Kinachoyazuia mishipani ni chumvi na ile protini iitwayo albumini, na zoezi ndilo liamshalo homoni ya kuziamuru figo ziihifadhi chumvi, likaiongeza na albumini ndani ya mishipa, athari yake ikadhihirika katika muda wa siku moja. Kwa hiyo ndugu yetu na akae wima mchana, kisha atembee, kisha akimbie polepole, na kila asubuhi kabla hajainuka ahesabu mapigo yake, mpaka yarejee hesabu ya siku za afya. Malaria, kadhalika, hupasua chembe nyekundu, na hizo hutengenezwa katika uboho kwa wiki kadhaa, hata pumzi ikachelewa ilhali maji yamekwisha rudi. Hata hivyo pumzi hurudi: mkimbiaji Filbert Bayi, aliyeivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 huko Christchurch mwaka 1974, alipatwa na malaria mwaka 1976, na mwaka 1980 akatwaa medali ya fedha mjini Moscow katika mita 3000 za kuruka viunzi na maji. Mwenye kuumwa kifua au kuzimia amwendee tabibu kwanza, kwani si kila homa ni malaria, na baadhi ya virusi huvimbisha moyo.

Wale 5 wa Dallas walipimwa tena baada ya miaka 30, ikadhihirika kwamba wiki 3 za kitanda ziliwapunguzia uwezo kuliko miongo 3 ya umri. Wakafanya mazoezi miezi 6, wakaurejesha upeo waliokuwa nao kabla ya kulazwa ujanani. Na safari hii moyo haukuongeza kitu, bali misuli ndiyo iliyojifunza kuitwaa oksijeni zaidi katika damu ile ile.