Je, Iko Tarehe Yenye Mkosi?

Mazungumzo ya redio. Somo: Luka 13:1-5

Sisi tunakutana kwa ibada hapa Ngaremara, kwenye barabara itokayo Isiolo kwenda Archers Post. Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya swali ambalo watu huliuliza kwa sauti ya chini wakitoka mazishini, wala hawathubutu kuliuliza kanisani. Nalo ni hili: Je, iko siku katika kalenda iliyo na mkosi?

Hebu tuitazame tarehe 29 Aprili.

Ijumaa asubuhi, 29 Aprili 1994, feri iliyokuwa ikivusha watu kutoka Mtongwe kwenda kisiwa cha Mombasa ilipinduka, mita 40 hivi kutoka ufukoni. Wengi walikuwa wakienda kazini. Watu 272 walikufa.

Miaka 22 ikapita. Ijumaa nyingine, 29 Aprili 2016, mvua kubwa ilinyesha Nairobi, na usiku jumba la ghorofa nyingi likaanguka mtaani Huruma juu ya watu waliokuwa wakipika na kulaza watoto. Zaidi ya watu 50 wakafa.

Kisha, kabla ya mapambazuko ya Jumatatu, 29 Aprili 2024, maji yalishuka kwa nguvu juu ya kijiji cha Kamuchiri karibu na Mai Mahiu, yakachukua nyumba, magari na watu waliolala. Waliokufa hawakupungua 45.

Na mbali na kwetu, usiku wa 29 Aprili 1991, tufani kuu ilipiga pwani ya Bangladesh. Bahari ilipanda juu ya nchi kavu, na watu wapatao 138,000 wakaangamia.

Mtu akizisikia habari hizi zikifuatana, moyo wake hushtuka. Husema, "Tarehe hii ina neno." Basi wapo wanaoogopa kusafiri siku fulani, na wapo wanaomwambia mjane kwamba mumewe alikufa kwa sababu siku ilikuwa mbaya, au kwa sababu nyumba yao ilikuwa na laana. Maneno kama hayo humwumiza mtu mara ya pili. Kwa hiyo inatupasa kulichunguza jambo hili kwa makini.

Kwanza, tufanye hesabu. Mwaka una siku 365 tu, bali misiba ya dunia ni mingi. Tuseme nchi moja inapata msiba mkubwa mmoja kila mwezi kwa miaka 30. Hiyo ni misiba 360. Sasa chukueni kokoto 360, mzitupe bila kuchagua katika vishimo 365, kama mtu achezaye bao akiwa amefumba macho. Je, kila kishimo kitapata kokoto moja? La. Vishimo zaidi ya 130 vitabaki vitupu, na vishimo zaidi ya 20 vitapata kokoto 3 au kuzidi. Hakuna aliyevipangia. Ndivyo ilivyo desturi ya vitu vingi vinapoangukia mahali pachache.

Au watazameni watu walio kanisani. Wakiwapo 23 tu, kuna nafasi zaidi ya nusu kwamba wawili kati yao wamezaliwa tarehe moja. Wakifika 50, ni karibu hakika. Wawili hao wakigundua, hucheka na kupeana mikono. Lakini jambo lile lile likitokea kwa misiba, twaogopa, kwa sababu machozi hukumbukwa kuliko kicheko.

Tena tunasahau kuhesabu siku zilizopita salama. Tangu 1994 hadi 2024, tarehe 29 Aprili imefika mara 31. Misiba hiyo mitatu ya Kenya iliangukia mara 3. Katika zile 28 nyingine watu walioana, mbuzi walizaa, akina mama walikwenda sokoni wakarudi. Hakuna aliyeandika habari hizo gazetini.

Pili, tuyatazame majira. Aprili kwetu ni mwezi wa mvua ndefu. Ardhi imelowa, mito imejaa, kuta zimenyonya maji. Haishangazi basi kwamba Huruma na Mai Mahiu wakalia katika mwezi mmoja. Hapo iko sababu, lakini sababu hiyo ni mvua, si namba iliyoandikwa kwenye kalenda. Mvua haijui kama leo ni tarehe 29 au 30. Mtu akijihadhari tarehe 29 tu, kisha kesho yake akaingia mtoni bila woga, amejilinda na kivuli akaliacha jambo lenyewe.

Tatu, na hapa panatuchoma zaidi, tuutazame mkono wa mwanadamu. Feri ile ya Mtongwe ilikuwa na nafasi ya watu 300, lakini walioipanda walikuwa wapatao 400. Jumba la Huruma lilijengwa karibu na mto bila idhini iliyotakiwa, nalo lilikuwa limekwisha kutajwa miongoni mwa majengo ya kubomolewa. Hata hivyo watu walikuwa wakilipa kodi na kulala humo. Kule Mai Mahiu maji yalikusanyika nyuma ya tuta la reli, mahali ambapo njia ya kupitishia maji chini yake ilikuwa imezibwa na takataka, hata yakapasua. Hakuna hata moja kati ya mambo hayo matatu lililoanza siku ya tarehe 29. Yalikuwako jana yake, na wiki iliyotangulia.

Nao ulinganifu mwingine si wa bahati hata kidogo. Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yalilipuka Nairobi na Dar es Salaam asubuhi ile ile, yakipishana dakika chache. Waliokufa Nairobi walikuwa 213, na Dar es Salaam 11. Hapo siku ilikuwa moja kwa sababu watu walikaa wakapanga iwe moja. Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, ukiona mambo mawili yameangukia siku moja, usikimbilie kusema "mkosi". Uliza kwanza: Je, ni wingi wa mambo tu? Je, ni majira? Au ni kazi ya watu?

Swali hili ni la zamani. Katika somo letu la leo twasoma habari za mnara wa Siloamu ulioanguka ukaua watu 18. Watu walidhani hao 18 walikuwa waovu kuliko wenyeji wengine wa Yerusalemu. Bwana Yesu alikataa kabisa. Hakuilaumu siku, wala hakuwahukumu wafu. Aliwageukia walio hai akawaambia watubu. Basi aliyefiwa Mtongwe, Huruma au Mai Mahiu asikubali kuambiwa kwamba wapendwa wake walikuwa wabaya kuliko sisi.

Lakini kutubu ni nini kwa mtu anayejenga nyumba, au anayeendesha chombo? Kumbukumbu la Torati 22:8 yamwagiza mtu ajengaye nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka dari, mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Angalieni: ukingo wa dari ni jambo la ibada! Mwenye gari akikataa abiria wa ziada, fundi akikataa kupunguza saruji, hao nao wanaitii Torati.

Na bidii kama hiyo huzaa matunda. Bangladesh haikubadilisha kalenda yake baada ya 1991. Ilijenga majumba imara ya kukimbilia, ikawafundisha watu wa kujitolea kupita vijijini kutoa onyo. Tufani kubwa ilipokuja Mei 2020, watu zaidi ya milioni 2 walihamishwa mapema. Waliokufa nchini humo walihesabiwa kwa makumi, wala si kwa maelfu.

Sisi wa Ngaremara nasi tunalo la kufanya. Hata jina la mahali petu lina maji ndani yake, maana ngare kwa Wasamburu na Wamaasai ni maji. Tunazijua laga zetu. Mvua hunyesha mbali milimani, huku kwetu jua linawaka, na kitambo kidogo laga iliyokuwa mchanga mkavu inanguruma. Dereva husema, "Nitavuka upesi." Kijana husema, "Mbuzi wangu wako ng'ambo." Wazee, mwambieni asubiri. Maji ya laga hupungua baada ya saa chache, lakini mtoto aliyechukuliwa harudi. Mama, usiwaache watoto walale kwenye mchanga wa laga msimu huu, hata kama anga ni jeupe.

Na tusisahau jambo hili la mwisho. Kule Huruma waokoaji hawakuacha kuchimba. Baada ya saa 80 hivi walimtoa mtoto mchanga, msichana, akiwa hai. Siku ya sita wakatoa watu wengine 4 walio hai. Kama wangalisema, "Siku hii ni ya mauti, twendeni zetu," hao wangalikufa kifusini.

Na tuombe. Ee Mungu, siku zote ni zako. Wafariji waliofiwa. Utuondolee hofu ya tarehe, utupe badala yake bidii ya kulinda maisha ya jirani, leo na kesho. Amina.