Mpinzani wa Uwanja ni Kibanda Umiza

Simba au Yanga ikishuka Tanga, Uwanja wa Mkwakwani hujaa. Wiki inayofuata Coastal Union inacheza palepale na timu ya mkoa mwingine, wachezaji walewale, nyasi zilezile, na majukwaa yamebaki wazi. Viongozi wengi wa klabu za mikoani wana maelezo yao: Mtanzania ni Simba au Yanga, basi. Maelezo hayo yanawatuliza, lakini hayasemi ni kwa nini Sokoine ya Mbeya ilifurika msimu wa 2013/14. Mbeya City ilikuwa klabu ya halmashauri ya jiji, imeanzishwa mwaka 2011, ndiyo kwanza imepanda Ligi Kuu. Ilimaliza ya tatu, juu ya Simba, na mashabiki wake wenye jezi za zambarau waliifuata hadi mikoa ya mbali. Watu wa Mbeya hawakuzaliwa tofauti na watu wa Tanga, Mwanza au Songea. Mashabiki wapo. Swali ni wako wapi saa 10 jioni timu yao inapocheza.

Wengi wako kibanda umiza, banda la mtaani la kutazama mpira kwenye televisheni. Klabu inayotaka kujaza uwanja inapaswa kukichunguza kibanda hicho kwa heshima, kwa sababu ndicho mpinzani wake halisi. Kwa shilingi mia tano au buku, mtu anapata paa, benchi, wenzake wa kubishana nao na uhakika wa saa. Wakati wa mapumziko anatoka kununua chipsi, filimbi ya mwisho ikilia anatembea dakika tano yuko nyumbani. Tangu Azam Media na TFF walipotia saini mkataba wa matangazo ya ligi wa miaka kumi wenye thamani ya Sh225.6 bilioni mwaka 2021, ligi imefika kila mtaa. Fedha hizo klabu zinazihitaji, na sina ugomvi nazo. Lakini maana yake ni kwamba dakika 90 zenyewe hazina uhaba tena. Kamera inalionyesha goli vizuri kuliko anavyoliona aliyeketi mzunguko, tena inalirudia mara tatu. Uwanja hauwezi kushindana na kibanda kwa kuuza kitu kilekile kwa bei ya juu zaidi, juani.

Ushahidi wa kile ambacho uwanja unaweza kuuza tunao hapahapa nchini. Simba Day, tamasha la Simba la kuukaribisha msimu, ilianza mwaka 2009, na watani wao Yanga wakaja na Wiki ya Mwananchi. Mechi inayochezwa siku ya kilele ni ya kirafiki, haina pointi hata moja, na bado Uwanja wa Benjamin Mkapa wenye viti 60,000 hujaa. Watu wanakwenda kumwona mchezaji mpya akitajwa jina, kuvaa jezi mpya, kuimba, kuwa na watu wao kuanzia asubuhi. Klabu za mikoani zikitazama siku hizo huona wasanii wakubwa na gharama zao, kisha zinakata tamaa. Mimi naona ratiba. Shabiki anajua mapema nini kitaanza saa ngapi, na anajua kwamba akichelewa kuna jambo atalikosa. Hilo halihitaji msanii wa mamilioni. Mechi ya watoto wa shule mbili hasimu za mjini, ikianza saa 7 mchana kabla ya mechi ya ligi, inaleta wazazi, walimu na kelele za kutosha.

Kuwaleta watu mapema kuna sababu nyingine, nayo ni nzito kuliko burudani. Kuna mwongozo wa Uingereza wa usalama wa viwanja ambao wasanifu wa nchi nyingi huutumia. Unasema geti moja la chuma linalozunguka, lile la kupitisha mtu mmoja mmoja, lisihesabiwe kupitisha zaidi ya watu 660 kwa saa. Hicho ndicho kiwango cha juu kabisa, tiketi zikiwa tayari mikononi na geti halikwami. Sasa chukua uwanja wa mkoa wenye mageti manne yanayofanya kazi na watu 8,000 wanaokuja. Kwa saa moja wataingia 2,640. Wote wataingia kwa zaidi ya saa tatu. Wakifika wote nusu saa kabla ya mechi, filimbi ya kwanza itawakuta watu 6,680 bado wako nje, wanasukumana, wanasikia mayowe ya ndani.

Hesabu hii imeua watu. Katika Uwanja wa Hillsborough, Sheffield, Uingereza, tarehe 15 Aprili 1989, mashabiki 10,100 wenye tiketi za kusimama walipangiwa mageti saba. Kwa kiwango kilekile cha 660, walihitaji zaidi ya saa mbili kuingia. Msongamano wa nje ukawa mkubwa, polisi wakafungua lango la kutokea, umati ukamiminika kwenye vizimba vilivyokwishajaa. Waliopoteza maisha ni 97. Karibu zaidi nasi, tarehe 24 Januari 2022 katika Uwanja wa Olembe, Yaoundé, Cameroon ilipocheza na Comoro, watu wanane walifariki langoni. Rais wa CAF, Patrice Motsepe, alisema baadaye kwamba lango lililopaswa kuwa wazi lilikuwa limefungwa. Ninaitaja misiba hii katika makala ya kuvutia mashabiki kwa makusudi. Mama aliyebanwa langoni na mtoto wake mkononi, hata asipoumia, hatarudi, na majirani zake watapata habari hizo kabla ya jua kuzama.

Kwa hiyo fedha ya kwanza ya kuboresha siku ya mechi iende getini. Mageti yafunguliwe saa tatu kabla ya mechi. Tiketi ziuzwe mbali na uwanja, kwa simu na madukani, na anayenunua mapema alipe pungufu. Kadi za kielektroniki za N-Card zilikusudiwa kupunguza foleni, lakini kadi ikiuzwa na kuwekwa salio palepale uwanjani siku ya mechi, foleni imehamishwa tu kutoka lango moja kwenda dirisha lingine. Kibao kinachoonyesha jukwaa lako liko upande gani kinagharimu rangi na ubao. Cha kushangaza ni jinsi kilivyo adimu.

Kisha kuna wanawake. Mwezi Septemba 2011, Fenerbahçe ya Uturuki iliadhibiwa kwa vurugu za mashabiki, na shirikisho la huko likaamua kwamba badala ya kucheza bila watu, wanaume wasiruhusiwe. Mechi na Manisaspor ikachezwa mbele ya wanawake na watoto zaidi ya 41,000, wakiimba nyimbo za klabu tangu mwanzo hadi mwisho. Hawakuumbwa siku ile. Walikuwapo mjini miaka yote, ila uwanja ulikuwa haujawahi kuwafungulia mlango namna hiyo. Kwetu pia wanawake ni wengi kwenye siku za kilele pale Mkapa na wachache kwenye mechi ya kawaida mkoani, na ukiuliza sababu hutasikia habari za mpira. Utasikia habari za choo kisicho na maji, matusi, mkaguzi mwanamume anayewapapasa langoni, na giza la njia ya kurudi. Jukwaa moja la familia, karibu na vyoo safi, lenye wasimamizi wa kike na kiingilio cha mtoto kisichozidi bei ya soda, linaweza kuanza mechi ijayo. Tena mama akija haji peke yake. Anakuja na watoto, na mtoto anayeshikwa mkono kwenda Mkwakwani akiwa na miaka saba hatahitaji kushawishiwa akiwa na ishirini.

Chakula nakitaja kwa sababu Tanga ingeweza kuwa mfano wa nchi nzima. Mji wenye kahawa na kashata, viazi karai na mishkaki ya barazani hauna sababu ya kumwachia shabiki wake karanga na maji ya uvuguvugu. Wachuuzi waingizwe ndani, wapangiwe sehemu, walipe ushuru mdogo wa siku, bei zibandikwe. Kila muuzaji atakuwa na sababu ya kuutangaza mchezo mtaani kwake bila klabu kumlipa.

Hapa ndipo klabu nyingi hukwama, kwa kuwa viwanja si vyao. Mkwakwani, Kirumba, Sokoine na vingine vingi vya mikoani ni mali ya CCM, na klabu huingia kama mpangaji. Mpangaji wa namna hiyo hajengi choo, hawezi kumpangia mchuuzi eneo wala kupaka jukwaa rangi za timu. Azam FC walipojenga uwanja wao Chamazi waliondokana na tatizo hilo, lakini si kila klabu ina kampuni nyuma yake. Kwa klabu isiyo na uwezo wa kujenga, mkataba wa upangaji ndiyo kazi muhimu kuliko usajili wa mshambuliaji mmoja wa kigeni: uwe wa misimu mitano, utaje nani anatengeneza vyoo, nani anakusanya ushuru wa chakula, funguo za kila lango zinakaa kwa nani siku ya mechi, na kiasi gani cha kodi kinapungua klabu inapokarabati kitu kwa fedha yake. Mwenye uwanja naye atafaidika, maana jukwaa tupu halimlipi. Mazungumzo hayo yafanyike kabla ratiba ya msimu haijatoka, wakati pande zote mbili bado zina muda wa kuketi.