Haki ya Jirani Wakati wa Dhiki

Ndugu Waislamu, baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, sukari, sabuni na mafuta ya taa viliadimika nchini. Mwaka 1983 Serikali iliwasaka walanguzi, na wengine wakatupa usiku bidhaa walizozificha. Lakini sheria haifiki katika ghala la mtu binafsi. Hapa Kinampanda, mvua ikikosekana na mtama ukipungua, jirani aliyezoea kuazima huacha kubisha hodi. Aona haya, kwani hajui atarudisha lini. Nasi tulio na akiba, Mwenyezi Mungu atusamehe, twashukuru kwamba hakubisha! Mtume (S.A.W.) alimwelekeza Abu Dharr azidishe maji katika mchuzi, apate kuwagawia majirani. Mwenye debe la mtama atoe kibaba leo, kabla hajaombwa.