Uyoga Mdogo wa Kwenye Visiki

Mvua ikinyesha, visiki vya mibuni na mukima, vigingi vya ua na hata kuni zilizolala nje huota uyoga mdogo mdogo. Watoto huuona kabla yetu. Akina mama huniuliza: nitajuaje kama haya ni makunu ya kula?

Kwa macho pekee, hutajua. Kuna uyoga wa sumu uitwao galerina, unaojulikana sana Ulaya na Marekani, ambao humea kwenye miti iliyokufa. Kofia yake ni ya rangi ya asali au kahawia, mara nyingi haizidi sentimita 5. Shina ni jembamba, lenye pete ndogo ambayo huweza kubanduka. Kofia ikilazwa juu ya karatasi nyeupe usiku kucha, huacha unga wa rangi ya kutu. Lakini uko uyoga unaolika unaofanana nao, na hata wachumaji wazoefu wameuchanganya. Kwa hivyo uyoga wowote mdogo wa kahawia uliomea kwenye kisiki, uache hapo hapo. Anayependa uyoga anunue uliopandwa na wakulima.

Sumu hii haiishi kwa kuchemsha, kukaanga wala kukausha. Wengine husema ukiona konokono ameula, ni salama. La! Tumbo la konokono si la mtoto.

Kinachonitia hofu zaidi ni jinsi sumu hii inavyojificha. Mtoto akiula hucheza kama kawaida kwa saa 6 hadi 24. Kisha anaumwa na tumbo, anatapika na kuendesha sana. Baada ya siku moja hivi anaonekana amepata nafuu, na mama anashukuru Mungu na kubaki naye nyumbani. Kumbe ini linaendelea kuharibika, na siku ya tatu au ya nne macho yanageuka manjano.

Usingojee dalili. Mtoe mabaki mdomoni, usimtapishe, wala usidhani maziwa ni dawa. Mpeleke upesi hospitali iliyo karibu, iwe Thika Level 5 au Ruiru Level 4, hata kama anacheka. Mwambie muuguzi saa aliyokula, na uonyeshe uyoga uliobaki. Ufunge kwenye karatasi, maana ndani ya plastiki huoza haraka.