Farasi wa Mezani, Mzigo wa Kichwani

Juma hili nazungumzia farasi. Si farasi wa mashindano, bali farasi wa sanamu, wa kusimama mezani.

Nilikuwa Mwankoko, pembezoni mwa mji wa Singida. Vijana wa shule walikuwa wakitengeneza meza ya historia kuonyesha vita vya Kondoa vya mwaka 1916. Askari wa udongo walikuwa wamekwisha kukauka, na ng'ombe ndiyo usiseme, maana mtoto aliyekulia machungani humfinyanga ng'ombe hata gizani. Farasi ndiye aliyewashinda. Wakanunua mmoja wa plastiki sokoni, wakamsimamisha kando ya askari. Askari akamfikia magotini!

"Shikamoo mzee," kijana mmoja akaniambia. "Hebu tuambie, huyu ni farasi au tembo?"

Tulicheka, lakini swali lilikuwa la haki. Ni wangapi kati yetu tumemwona farasi kwa macho? Nchi yetu haikumpokea vizuri. Mbung'o humwambukiza nagana, na vijidudu vidogo kuliko mbu humletea ugonjwa mwingine unaoweza kumwua kwa siku chache. Punda huvumilia zaidi, ndiyo maana Singida utamwona punda na gunia mgongoni, farasi humwoni.

Basi tuanze na kipimo. Kosa la kwanza ni kununua farasi kwa sura yake. Nunua kwa rula. Chukua kipimo cha moja kwa kumi: mtu wa sentimita 170 anakuwa sanamu ya sentimita 17. Farasi wa kupandwa, mwenye sentimita 150 hivi kutoka ardhini hadi begani, anakuwa 15. Punda wa sentimita 110 anakuwa 11. Farasi hupimwa begani, si kichwani, kwa sababu kichwa hupanda na kushuka. Kwa hiyo bega la farasi huyo lifike karibu na kidevu cha askari, na la punda lipite kidogo kitovu chake.

Ukikosa wa kipimo hicho dukani, mtengeneze kutokana na punda unayemjua. Mrefushe miguu na shingo. Masikio yapunguze hadi nusu. Manyoya ya shingo ya punda husimama kama brashi. Ya farasi hulala upande mmoja. Mkia wa punda unafanana na wa ng'ombe, una kishada mwishoni tu, lakini wa farasi ni nywele tangu juu. Nyuzi za katani zinafaa sana hapo.

Miguu ndiyo mtihani. Udongo hupungua ukikauka, waya haupungui. Ukizungushia udongo kwenye waya mtupu, utapasuka. Ndiyo maana ng'ombe wa watoto wana miguu minene na mifupi. Kwa farasi, funga waya kwa vipande vya karatasi vilivyolowekwa kwenye gundi, tabaka juu ya tabaka, kisha mwache akauke kivulini. Na farasi wa plastiki laini mwenye kimo sawa lakini mkao mbaya, mtumbukize mguu katika maji ya moto, uukunje taratibu, kisha uutie katika maji baridi. Kazi hiyo aifanye mtu mzima.

Hadi hapo vijana walifurahi. Wakapanga safu ya wapanda farasi ishirini, wakasema meza imekamilika. Nikawauliza: chakula cha hawa kimebebwa na nani?

Wakanyamaza.

Aprili 1916 Jenerali van Deventer, aliyekuwa upande wa Waingereza, aliwaongoza wapanda farasi wa Afrika Kusini kutoka upande wa Arusha hadi Kondoa, mvua za masika zikinyesha. Farasi walianguka njiani kwa mamia. Waliofika walikuwa hoi, na hata baada ya Wajerumani kushindwa kuutwaa tena mji huo mwezi Mei, jeshi hilo halikuweza kuendelea mbele upesi. Katika kampeni nzima, wanyama waliokufa ni maelfu kwa maelfu.

Farasi alipokufa, mzigo haukufa. Ulihamia kichwani kwa mtu. Pande zote mbili ziliwachukua wapagazi, wengi wao kwa nguvu, wakatembea na mizigo ya kilo 25 na zaidi, wakila kidogo. Waliokufa kwa njaa, kuhara na homa ni makumi ya maelfu. Wengi wao hawana kaburi lenye jina.

Kwa hiyo meza yenye farasi wazuri ishirini wote wamesimama ni meza nzuri, lakini inasema uongo. Niliwashauri vijana wawalaze farasi kadhaa kando ya njia, na nyuma ya jeshi waweke mstari mrefu wa watu wenye mizigo. Hao hawahitaji duka wala waya. Ni udongo wa Mwankoko na mikono yao tu.

Nilipoondoka, yule kijana wa tembo alikuwa anafinyanga mpagazi wa saba. Farasi mmoja alikuwa amekwisha kulazwa ubavu.

Tukutane juma lijalo. Kwaherini.