Ujana Haurudi, Nguvu Hurudi

Ujana ni moshi, ukienda haurudi. Methali hii husikika sana katika majilisi ya walimu, hasa mmoja wao anapoinuka kitini kwa kujishikiza mezani huku akiguna, na wenzake wakaangua kicheko. Wahenga hawakukosea, ujana haurudi. Lakini nguvu za misuli si ujana, na kuvichanganya viwili hivyo kumewagharimu wengi wa rika letu.

Tembea jioni katika mitaa ya Thika au ya Ruiru, nawe utawakuta vijana wakinyanyua vyuma katika kumbi za mazoezi. Asiye na pesa za kiingilio hufanyia nyuma ya nyumba, kwa makopo mawili ya rangi yaliyojazwa saruji na kuunganishwa kwa bomba la chuma. Aliyepita umri wa miaka 40 huwatazama kama mchezo usiomhusu. Mama wa miaka 60 hata hatazami. Hapo ndipo kosa linapoanzia, kwa kuwa kijana yule nguvu anazo tayari. Mwenye haja kubwa zaidi ni yule anayepita njia.

Wazee wetu hawakuhitaji kumbi hizo. Aliyebeba gunia la kahawa kutoka shambani, aliyechonga mawe machimboni Juja, au aliyepandisha maji kutoka Mto Chania, alifanya mazoezi bila kuyaita mazoezi. Sisemi turudi huko. Kazi zile ziliwavunja wengine migongo, na bibi mwenye alama ya ukanda wa mzigo kwenye paji la uso hakuuchagua mzigo ule kwa ajili ya afya. Ila mashamba yamekatwa viwanja, nyumba za ghorofa zimeota palipokuwa na mibuni, na mtu hukaa ndani ya matatu asubuhi, hukaa kitini mchana kutwa, kisha bodaboda humfikisha mlangoni. Kazi iliyotoka mwilini haikupata mrithi.

Matokeo yake huja kimyakimya. Tangu miaka ya 30 au 40 hivi, misuli hupungua kwa kiasi cha asilimia 3 hadi 8 kila miaka 10, na baada ya 60 kasi huongezeka. Mizani huenda isioneshe lolote, maana mafuta huchukua nafasi ya nyama iliyoondoka. Mtu hutambua siku anapopanda daraja la wapita njia juu ya barabara kuu ya Thika na kulazimika kusimama katikati, au anapoteleza bafuni akavunjika nyonga. Mwalimu hustaafu akiwa na miaka 60. Waama, ni uchungu mkubwa kungoja kiinua mgongo miaka yote hiyo, kisha mgongo wenyewe ukakataa kuinuka.

Je, akishafika hapo amechelewa? Mwaka 1990, Daktari Maria Fiatarone na wenzake walichapisha nchini Marekani matokeo ya jaribio walilolifanya Boston kwa wakongwe 10 waliokuwa wakitunzwa katika makao ya wazee, umri wao wa wastani ukiwa miaka 90. Kwa wiki 8 wakongwe hao walifanyishwa mazoezi ya miguu kwa uzito mkubwa, chini ya uangalizi. Nguvu za miguu yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Nimeisoma tarakimu hiyo mara kadhaa nikidhani ni kosa la mpiga chapa. Si kosa.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawataka watu wazima wote wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2 kwa wiki, na watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 siku 3. Si lazima iwe vyuma. Keti kitini uinuke bila kutumia mikono, mara 10, upumzike, urudie. Simama ukiuelekea ukuta, uusukume kwa viganja. Beba mtungi wa maji wa lita 5 kila mkono utembee uani. Likishakuwa jepesi, ongeza; mwili hauongezi nguvu usizouomba. Usizibe pumzi unaponyanyua, na mwenye shinikizo la damu au maradhi ya moyo amwone daktari kwanza.

Misuli nayo haijengwi kwa chai na mkate, chakula ambacho wazee wengi wanaoishi peke yao huishia kukitegemea. Wataalamu wengi hupendekeza mzee apate gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake. Mwenye figo zenye hitilafu na aulize kliniki. Yai moja lina gramu 6 hivi, glasi ya maziwa 8, kikombe cha maharagwe yaliyochemshwa 15. Hapa githeri inastahili heshima kuliko inavyopewa na wanafunzi wa mabweni. Mahindi yana upungufu wa laisini, ambayo maharagwe yanayo tele; maharagwe nayo hukosa kile ambacho mahindi yanacho. Vikichanganyika sufuriani, kimoja humfaa mwenzake. Kijana anayeidharau sahani hiyo akakimbilia kopo la unga wa bei ghali anapoteza pesa tu. Anayekimbilia dawa za kutunisha misuli anauweka rehani moyo na ini lake.

Limebaki suala la ratiba. Katika shule nyingi kipindi cha mazoezi ya viungo kimeandikwa vizuri ukutani, ila kengele ikilia anayeingia ni mwalimu wa hisabati na chaki yake. Mwanafunzi hujifunza hapo, bila kuambiwa, kwamba mwili ni jambo la kuahirisha, na mwalimu wake amekwisha kuuahirisha wa kwake. Kipindi hicho kirudishwe, na walimu wavue makoti washiriki pamoja na darasa: viti vipo, kuta zipo, mitungi ya maji ipo. Mwalimu mkuu anayehofia alama za mtihani aanze na dakika 40 za Ijumaa alasiri, saa ambayo hata hisabati yenyewe huwa imesinzia.